Papa Meteo na Radi za Mji

Radi ilipoanza kulia, watu wote wa avenue yetu walikimbilia ndani, na yeye akatoka. Alisimama kwenye barza ya nyumba yake, kofia kichwani, mkono mmoja nyuma ya sikio, kama mtu anayeitwa na jirani na hajasikia vizuri anaitiwa nini. Ngurumo ya kwanza ikipita alisema, "Subhanallah." Kisha akatazama saa, akaandika katika daftari. Utaratibu huo hakupenda kuugeuza. Shehe wa msikiti wake aliwahi kumuuliza kama haogopi kuhesabu sauti ya Mwenyezi Mungu. Alijibu kwa adabu, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiye" na "ndiyo" ni "njo": "Shehe, Mungu njo ananguruma. Mimi kazi yangu ni kuandika saa tu."

Mtaa mzima wa Mikelenge ulimwita Papa Meteo. Alikuwa mtazamaji wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa Kindu. Alisoma vipimajoto, alipima mvua, aliandika aina za mawingu na saa za ngurumo, na kila siku alituma hesabu hizo Kinshasa kwa redio. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba katika nyumba iliyopakana na yake. Kati yetu palikuwa na ua wa mianzi, na ua wa mianzi hauzuii neno. Nilimsikia akikohoa, akiswali, akibishana taratibu na mke wake juu ya chumvi ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Naye alinisikia nikijaribu imla za wanafunzi wangu, na mara nyingine alinisahihisha kutoka upande wa pili bila kuonyesha uso.

Alivaa kwa ajili ya kazi kama anayekwenda harusini. Shati lilipigwa pasi ya makala, yale makaa ya kupikia, hata miaka ile ambayo mshahara haukufika na ndege hazikutua. Mwavuli hakuwa nao. Alisema ni aibu mtu anayekula kwa mvua kuikimbia mvua. Lakini huyu huyu, aliyeweza kukueleza wingu kuanzia tumbo mpaka kichwa, radi ikikaribia alimwita mke wake, "Mama, funika kioo!" Nilicheka siku ya kwanza nilipomsikia. Akaniambia kupitia mianzi, "Marehemu mama yangu hakusoma meteo, lakini alifunika kioo miaka yote, na radi haikumupiga. Mimi nani nimubishie?"

Ujanani alipelekwa Kinshasa kusomea kazi hiyo. Wengine waliorudi kutoka huko walitusimulia muziki na magari. Yeye alisimulia mawingu. Alasiri alipanda juu ya paa la shule yao, akayaona yakija kutoka mashariki, mepesi, ya kawaida, kama yanayopita juu ya kijiji chochote. Yakifika juu ya mji yalivimba kama unga wa mkate. Kule mashambani yalikuwa yakinguruma kama mzee anayekohoa. Juu ya mji yalipiga.

"Muji ni chungu, mama mwalimu," alinieleza, mara nyingi mno kuliko nilivyoomba. "Mabati, simenti, lami, vyote vinakunywa jua muchana kutwa. Hewa inapata moto, inapanda. Moshi ya makala na ya magari inapanda pamoja nayo. Ile vumbi ndogo-ndogo inaingia ndani ya wingu, matone yanakuwa mengi na madogo, hayaanguki haraka. Yanapanda juu kabisa, yanaganda, barafu inagonga barafu. Pale njo radi inazaliwa."

"Na Kindu, papa? Sisi tuko na lami gani?"

"Kindu ni sufuria ndogo. Lakini hata sufuria ndogo inachemka."

Alikuwa na binamu mvuvi kule Lokandu, kijiji cha chini ya mto, na alimwomba amkumbukie siku za ngurumo. Binamu huyo alipopanda mtumbwi kuja kuuza samaki, kwanza alikalishwa kwenye barza na kuulizwa juu ya anga, ndipo akaruhusiwa kwenda sokoni na samaki wake. Mzee alilinganisha maneno ya Lokandu na madaftari ya Kindu. Aliona mara nyingi Kindu inanguruma siku ambayo Lokandu imenyamaza. Lakini ukimwambia, "Basi ni mji unaoleta radi," alikukatiza palepale. "Sijasema ni sababu. Nimesema nimeandika."

Hata mwaka ule wa vita tulipozingirwa, waasi ndani ya mji na wapiganaji wa msituni pande zote, aliendelea kuandika. Treni ilikuwa imekufa. Hakuna gari lililotembea. Majiko mengi yalikuwa baridi kwa sababu hapakuwa na cha kupika, na aliyetoka kwenda shambani huenda asirudi. Siku moja, tumeketi na njaa zetu, aliniambia kwamba mvua nyingi za msimu ule zilipita juu yetu kimya na kwenda kunguruma ng'ambo ya mto, msituni. "Muji umeacha kupika," alisema. Kisha, kwa haraka, kama mtu aliyeshikwa akisema uongo, "Lakini msimu mumoja si kitu. Mutu asiseme sana."

Nimekuwa nikifikiria kwa nini nampenda mtu huyu kuliko wengi walionifanyia mema makubwa zaidi. Nadhani ni kwa sababu ya kile kidogo alichokijua, na jinsi alivyokataa kukifanya kikubwa. Mara moja tu nilimwona akiweka maisha yake juu ya ujuzi wake, na hata siku hiyo ujuzi haukumsaidia.

Vita ilikuwa imekwisha, mji umejaa. Watu waliteremka kutoka barabara ya Lubutu, kutoka Pangi, kutoka Kabambare. Miti ya avenue tulikuwa tumeikata yote kuwa kuni wakati wa kuzingirwa. Penye nyumba za majani pakaota mabati. Pikipiki zikaja, na moshi wa makala ukalala juu ya Mikelenge asubuhi na jioni. Masika ya mwaka huo radi ilimpiga fundi mwashi mmoja, nyumba tatu kutoka kwetu, amesimama mlangoni pake akingoja mvua ipungue. Alikufa palepale. Siku chache baadaye nyingine ilipasua mchikichi nyuma ya shule.

Kwenye avenue yetu aliishi mjane kutoka Kabambare, muuza mawese, mwanamke wa maneno machache na sauti kali. Wiki ile ya msiba alikuwa amegombana na yule fundi juu ya mfereji ambao maji yake yalikuwa yakiingia uani kwa mjane. Katika ugomvi alimwambia, "Utaona." Neno hilo moja lilitosha watu waseme radi ameituma yeye.

Walikuja alasiri, vijana wapata ishirini, wengine na fimbo, mmoja na kibuyu cha petroli. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Naandika haya kwa aibu: niliingia ndani, nikasimama nyuma ya mlango, nikichungulia. Papa Meteo alitoka. Alikuwa amebeba madaftari yake, kifua kizima cha madaftari, akasimama kati yao na mlango wa mjane, akaanza kuwaeleza. Aliwaeleza chungu, aliwaeleza moshi, barafu inayogonga barafu, radi za Kinshasa zinazopiga bila kumwuliza mjane yeyote wa Kabambare. Walimsikiliza kidogo, kwa heshima ya mvi. Kisha mmoja akasema, "Papa, ile ni ya Wazungu. Huku kwetu radi iko na mwenyewe."

Wakacheka. Nilimwona akiyatazama madaftari yake kama mtu anayeutazama mkate aliowapa wenye kiu. Akageuka, akanitafuta kwa macho, akaja mpaka mlangoni pangu. "Mama mwalimu, nishikie." Nikayapokea. Mikono ikiwa mitupu aliingia kwa mjane, akatoka na godoro lake kichwani, na mjane nyuma yake na bidoni, dumu lake la mawese. Alipita katikati ya wale vijana mpaka nyumbani kwake.

"Kuanzia leo anakaa kwangu," alisema. "Kama radi iko yake, itaanzia juu ya paa yangu. Mungoje, mutaona."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameulizwa. Alimtazama mume, akamtazama mjane. "Ingia, mama," akasema. "Chai iko."

Vijana wakatazamana, wakashusha fimbo. Wakasema watangoja.

Masika yale yalikuwa marefu kuliko yote niliyoishi Kindu. Kila wingu lilipopanda, avenue nzima ililitazama paa lile. Mzee alitoka barazani kama kawaida, mkono nyuma ya sikio, akaandika. Wote walisema hana woga. Lakini asubuhi moja, tukichota maji, aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ninaogopa."

"Unaogopa uchawi, papa?"

"Ninaogopa bahati. Radi haichagui. Muji huu sasa unaita nyingi, na moja inaweza kuanguka kwangu kama inavyoweza kuanguka kwako. Ikianguka, hata kwa bahati tu, watamuua. Na njo mimi niliyewapa hiyo sababu."

Nilimwuliza kwa nini asisimamishe chuma cha kukinga radi, yeye anayejua kazi hiyo. Akasema wakiona chuma juu ya paa lake watasema ni dawa ya mjane, na hawatangoja tena. Basi akakaa hivyo, bila chuma, na mke wake, na mjane, chini ya mabati yale, miezi yote ya mvua. Kioo walikifunika.

Radi haikuanguka. Kiangazi kilipoingia mjane alirudi kwake na godoro lake. Yule kijana wa kibuyu alianza tena kununua mawese kwake. Hakuna aliyeomba msamaha, na mzee hakusema hata siku moja kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Nilipomrudishia madaftari aliyafuta vumbi, akaniuliza kama panya hawakuyagusa.

Lakini kabla ya hapo mji ulimjua kwa masikio yake. Wakati wa vita askari walipora kituo cha hali ya hewa, wakachukua vipimajoto, redio, mpaka mlango. Akarudi nyumbani na daftari na kalamu, akasema sikio hawakuliona ndiyo maana wameliacha. Kipindi hicho mizinga ilikuwa ikipigwa kutoka pande za msitu, na masika hayakungoja vita iishe. Mlio ukitoka mbali, hakuna aliyejua kama ajifiche au aanue nguo. Basi watu walipaza sauti kutoka nyumba hadi nyumba: "Papa Meteo! Ile njo radi ao njo bombe?"

Naye akajibu kutoka barazani: "Radi!" Tukaanua nguo. Au: "Bombe!" Tukaingia chini ya vitanda. Alinifundisha tofauti: radi inaburuta mkia, bomu linakata. Sikuweza kamwe. Nilikuwa na hofu nyingi masikioni.

Siku moja alisema radi, na haikuwa radi. Fundi cherehani wa avenue yetu, aliyekuwa amelala chini, aliinuka akarudi kwenye cherehani yake barazani. Bomu la pili lilianguka karibu na njia, na chuma kikaingia pajani mwake. Hakufa, lakini mguu haukupona tena sawasawa. Papa Meteo alikwenda kwake kila siku akamwosha kidonda, na akaacha kujibu. Mlio ukija watu waliita, "Papa Meteo!" na barza ilikuwa tupu. Sote tukawa tunaingia chini ya vitanda kwa kila ngurumo, na watoto walilia hata kwa mvua.

Kisha alasiri moja mlio ukaja, watu wakaita, kimya. Kutoka nyumba ya fundi cherehani, kutoka kitandani, sauti ikatoka yenye hasira: "Papa Meteo! Jibu! Watu wanangoja!"

Mlango wake ukafunguka. Halafu tukamsikia, kwa sauti iliyopasuka, "Radi."

Na ilikuwa radi.

Papa Meteo alikuwa na mtoto mmoja, binti. Kabla njia hazijafungwa alikuwa amempeleka Kinshasa kwa shangazi yake asome chuo. Walidhani ni mwaka mmoja tu, kisha atarudi likizo. Vita ikapita katikati, ikawa miaka. Barua hazikuvuka. Kilichovuka, tena kwa bahati, ni foni, ile redio ya mfanyabiashara mmoja karibu na mto, iliyozungumza na redio nyingine Kinshasa Jumamosi asubuhi. Kulikuwa na miezi askari waliifunga. Na ilipofunguliwa, kama mvua ilikuwa ikinguruma, mwenye foni alichomoa waya wa antena, akasema leo hakuna. Siku hizo tu nilimwona Papa Meteo akiichukia radi. Alisimama kwenye foleni, uso juu, akasema polepole, "Sasa wewe nawe."

Jumamosi moja nilikwenda naye na mke wake, nina habari ya kupeleka kwa ndugu yangu. Zamu yake ilipofika walimpa dakika chache, kama wote. Mke wake alisalimia kwanza, akalia, akampa nafasi. Mzee akainamia kipaza sauti.

"Jumatatu?"

Sauti ya binti ikatoka ndani ya kelele za redio, nyembamba. "Jumatatu ndiyo, papa. Saa tisa. Nilikuwa darasani."

"Jumanne?"

"Jumanne hapana."

"Jumatano?"

"Ndiyo. Nyingi. Taa zilizimika. Nilikuwa kwa shangazi, tulikuwa tunakula."

Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mutoto yuko mbali miaka yote hii, na wewe unamuuliza radi? Muulize kama amekula, kama ni muzima!" Hakugeuka. Aliendelea mpaka Ijumaa, na binti akajibu siku kwa siku, alikuwa wapi, na nani, ngurumo ilipomkuta. Nilikuwa nimesimama karibu, na mahali fulani kati ya Alhamisi na Ijumaa nikaelewa. Alikuwa akisomewa wiki nzima ya mtoto wake.

Tulipotoka nilimwambia, "Papa, mumezungumza vizuri." Akasema, "Kule ziko nyingi sana. Muji ule unachemka." Kisha akatembea mbele yetu, mbele hata ya mke wake, tusiuone uso wake.

Njia zilipofunguliwa binti alikuwa na kazi na watoto huko. Alikuja mara moja, akarudi. Mke wa mzee alifariki baadaye, katika kiangazi, na binti akaja tena, safari hii akamchukua baba yake. Mimi nilibaki Kindu, nikazeeka kidogo kidogo upande wangu wa ua. Walikuja wapangaji wengine kwake, watu wema wenye redio kubwa. Radi ikilia wanaingia ndani, kama kila mtu. Na mimi, nikiwa peke yangu, nimejikuta mara nyingi nimesimama barazani, nangoja mtu aseme "Subhanallah."

Mwaka jana shule ilinipeleka Kinshasa kwa mafunzo ya walimu. Binti yake alinipa anwani kwa simu. Nilifika jioni, jua halijazama, yeye binti bado yuko kazini. Msichana wa nyumba alinipandisha ngazi mpaka juu ya paa la saruji, mahali wanapoanika nguo. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, shati limepigwa pasi.

Nilimsalimu, hakugeuka. Nilimgusa bega. Akanitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mama mwalimu," akanishika mikono yote miwili. Nilizungumza, akawa anaitazama midomo yangu. Ndipo msichana akanieleza kwamba masikio ya mzee yamekwisha, sasa ni mwaka wa pili.

Nilimwandikia habari kwenye karatasi. Kindu imekua. Makala ni nyingi. Binamu wa Lokandu anakusalimu. Alizisoma zote mara mbili mbili, akazikunja, akazitia mfukoni. Nilitaka kuandika kwamba nimemkumbuka, kwamba avenue haina tena mtu wa kuiambia kama ni radi. Kalamu ikakataa, nikaandika juu ya bei ya samaki.

Anga la mashariki, nyuma ya vilima, lilikuwa limejenga wingu kubwa. Chini yetu mji ulipiga honi na kutoa moshi. Mwanga ukawaka ndani ya wingu. Mzee akanyoosha mgongo, akanishika kiwiko.

"Niambie ikilia."

Tukangoja. Nilisikia pikipiki, muziki wa jirani, mtoto akiitwa nyumbani. Mwanga ukawaka tena, mara mbili. Alinikodolea macho usoni, akingoja, na uso wake ulikuwa na hamu kiasi kwamba neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lingemfurahisha. Hakuna ambaye angejua.

Nikatikisa kichwa. "Sijasikia kitu, papa."

Akaitazama midomo yangu kwa makini, kisha wingu, kisha akaniachia kiwiko. "Njo vile," alisema. "Iko mbali." Akanyoosha kidole juu ya mapaa, upande ule wa mashariki, iliko Kindu. "Kule njo kwetu."

Tulikaa tukitazama mpaka binti yake aliporudi kutoka kazini.